Skrini ya P10 kando ya barabara: chora kwa kipimo chake

Swali: Habari yako, mwalimu. Ninahudumu katika kamati ya mitambo ya kanisa letu, Umoja, hapa Nairobi. Tulifunga skrini ya LED ya nje, aina ya P10, upana wa mita 3.84 na kimo cha mita 1.92, imeelekea barabara. Mimi ndiye ninayetengeneza matangazo kwa Canva, kipimo cha 1920 kwa 1080. Kwenye laptopu yanapendeza sana. Yakifika kwenye skrini maandishi yanachanganyikana, uso wa mchungaji hautambuliki, na nembo yetu inageuka doa. Fundi aliyeifunga anasema skrini ni nzima. Wazee wa kanisa wameanza kusema tuiuze tununue P5. Je, tatizo ni skrini au ni mimi? Naomba msaada. Dada wa mitambo, Umoja.

Jibu:

Dadangu, skrini yenu ni nzima, na wewe huna kosa la uvivu wala la kutojua kupamba. Kinachowasumbua ni kwamba picha inachorwa kwa kipimo kimoja na kuonyeshwa kwa kipimo kingine, na hapo katikati kuna mashine inayoamua peke yake kipi kibaki na kipi kipotee. Mashine haijui kwamba saa ya ibada ni muhimu kuliko ua la pembeni. Uamuzi huo ukiuchukua wewe, P10 hiyo hiyo itasomeka hadi ng'ambo ya barabara.

Tuanze na hesabu. P10 maana yake ni kwamba kutoka katikati ya nukta moja hadi katikati ya nukta inayofuata ni milimita 10. Moduli moja ya P10 ina upana wa sentimita 32 na kimo cha sentimita 16, yaani nukta 32 kwa 16. Skrini yenu imepangwa moduli 12 kwa upana na 12 kwa kimo, jumla moduli 144. Kwa hiyo mna nukta 384 kwa 192, ambazo zote pamoja ni 73,728. Mchoro wako wa Canva una nukta 2,073,600. Kila nukta moja ya skrini inabebeshwa nukta 28 za mchoro, na 27 kati ya hizo lazima zimezwe.

Sasa angalia yanayozipata herufi. Mstari wa Biblia ulioandika kwa herufi zenye kimo cha nukta 40, ambazo kwenye laptopu ni kubwa tu, unatua kwenye skrini ukiwa na kimo cha nukta 7. Unene wa mkono wa herufi, uliokuwa nukta 4, unashuka chini ya nukta moja. Nukta ya LED haigawanyiki, kwa hiyo mkono huo unawaka kwa unyonge, au unaegemea jirani yake, au unapotea kabisa. Hapo ndipo "e" na "o" na "a" zinapofanana. Juu ya hayo, mchoro wako una umbo la 16 kwa 9 ilhali skrini ni 2 kwa 1. Ukivutwa ili ujaze skrini, unabanwa mara 5 kwa upana na zaidi ya mara 5.6 kwa kimo, na kila uso unaonekana umenenepa.

Mama anayefuma kitambaa cha kochi hahangaiki na jambo hili. Anahesabu matundu kwanza, kisha ua analolifuma linatoka katika matundu aliyo nayo. Hajaribu kufuma jani jembamba kuliko tundu moja. Fanya hivyo hivyo: fungua ukurasa mpya wa Canva, chagua kipimo chako mwenyewe, andika 384 kwa 192, na hakikisha kipimo ni pikseli. Ukurasa utaonekana mdogo, na utahisi kwamba hakuna nafasi ya kitu chochote. Hisia hiyo ni ya kweli, na ni afadhali ikupate wewe mezani kuliko impate mpita njia barabarani. Ukimaliza, pakua kama PNG bila kuongeza ukubwa.

Swali linalofuata ni herufi ziwe na kimo gani, na hapa anayeamua ni jicho la msomaji. Jicho zima, kwa kipimo cha daktari wa macho, linatambua herufi ambayo kimo chake ni takriban sehemu moja ya 690 ya umbali. Mtu aliye mita 60 kutoka kwenye skrini anahitaji herufi ya angalau milimita 87, na hapo anakaza macho, herufi imetulia, na hana jambo jingine la kufanya. Mstari wako wa Biblia wenye nukta 7 una kimo cha milimita 70. Hata ungeuchapisha kwa wino bora kabisa kwenye bango la karatasi, mtu wa mita 60 asingeusoma.

Wazee wenu wanahitaji kulisikia hilo kabla ya kuuza chochote. P5 ya ukubwa huo huo ingekuwa na nukta 768 kwa 384, mara nne ya mlizo nazo, na bei ingepanda ipasavyo. Lakini milimita 70 zingebaki milimita 70. Aliye karibu angeona herufi laini zaidi, na aliye ng'ambo ya barabara angeona ukungu ule ule. Pia, kwa jicho zima, nukta za P10 huanza kuungana na kuwa picha moja mtu akifika takriban mita 34. Kutoka hapo kwenda mbali, P10 na P5 zinakaribiana sana.

Kwa kusoma kwa raha, mimi hutumia kipimo cha milimita 5 za kimo kwa kila mita ya umbali kwa mtu aliyesimama, na milimita 8 kwa aliye ndani ya gari linalokwenda. Kwa mita 60, hiyo ni milimita 300 kwa wa kwanza na 480 kwa wa pili. Kwenye P10 ubadilishaji ni rahisi: nukta 30 na nukta 48. Ziandike kwenye karatasi uibandike juu ya meza yako.

Kimo cha skrini ni nukta 192, kwa hiyo una mistari mitatu, basi. Chukulia tangazo la ibada. Mstari wa kwanza IBADA, kimo cha nukta 48. Acha nukta 14. Mstari wa pili JUMAPILI, nukta 48. Acha 14 tena. Mstari wa tatu SAA 3 ASUBUHI, nukta 30. Jumla ni 154, na zinabaki 19 juu na 19 chini. JUMAPILI kwa herufi nzito za kawaida kama Arial Bold inachukua upana wa nukta 313 hivi kati ya 384, kwa hiyo inaingia bila kubanwa. SAA 3 ASUBUHI nayo inaingia. Neno "asubuhi" usiliondoe hata kama linakula nafasi, maana Nairobi kuna wengi wanaoisoma saa kwa Kiingereza, na mtu akija saa tisa mchana atakuta mlango umefungwa.

Maneno yetu ni marefu, na hilo lina gharama kwenye skrini. "Tunawakaribisha nyote" ina herufi 20 bila nafasi. "Karibuni" ina nane na inabeba ukarimu ule ule. Kabla ya kupunguza ukubwa wa herufi, punguza neno. Ukishapunguza neno na bado halitoshi, gawa tangazo liwe picha mbili. Ukubwa wa herufi uguse mwisho kabisa, tena kwa kusitasita.

Ninajua posta ya kanisa huwa na nini: picha ya mchungaji na mama mchungaji, mhubiri mgeni, kichwa cha mkutano, mstari wa Biblia, tarehe tatu, mahali, nambari mbili za simu, paybill, na kurasa za mitandao. Posta hiyo ni nzuri mlangoni na kwenye simu. Barabarani haiwezekani. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linapita mita 11 kila sekunde. Kutoka mita 60 hadi mita 15, ambapo pembe inakuwa mbaya na dereva hapaswi tena kugeuza kichwa, abiria ana sekunde nne. Katika sekunde nne anapata maneno matano au sita. Ndiyo, Outering Road ikifunga kwa jam watu wana muda wa kusoma kitabu, lakini mchoro unaosomwa na anayepita mbio utasomwa pia na aliyekwama, na kinyume chake si kweli. Kwa hiyo chagua: nani anaalikwa, lini, saa ngapi. Paybill haisomwi wala kukaririwa kutoka kwenye matatu. Iweke kwenye posta ya simu.

Kwa sababu hiyo hiyo, kila picha ikae skrini sekunde kumi hivi. Ukiibadilisha kila sekunde nne, abiria wengi wataona nusu ya tangazo moja na nusu ya jingine. Maandishi yanayotembea kutoka kulia kwenda kushoto nakushauri uyaache kabisa kwa skrini ya barabarani: gari linakwenda, herufi nazo zinakwenda, na anayesoma anashika katikati ya sentensi.

Aina ya herufi: chagua zisizo na vikia, nzito, zenye matundu mapana. Arial, Roboto, Open Sans na DejaVu Sans katika uzito wa "bold" zote zinafaa. Epuka zile nyembamba za kifahari na zile za mwandiko wa harusi. LED inawaka, na mwanga wake unafurika kidogo nje ya mpaka wake, kwa hiyo tundu la ndani ya "A" au "8" lisilofika nukta mbili huzibwa na mwanga. Ongeza pia nafasi kati ya herufi, nukta moja au mbili kuliko kawaida. Ukilazimika kuandika kitu kidogo, tuseme nukta 14, toka Canva uende GIMP au Photopea, ambazo ni za bure, na uzime ulainishaji wa kingo za herufi. Kwenye herufi kubwa ulainishaji huo husaidia. Kwenye herufi ndogo unaziacha na ukungu wa kijivu kila upande, na ukungu huo una upana sawa na mkono wa herufi yenyewe.

Rangi sasa. Jicho letu halizipi taa tatu za LED uzito mmoja. Kwa kipimo cha kawaida cha rangi za kompyuta, kijani hubeba karibu asilimia 72 ya mwangaza tunaouona, nyekundu 21, na buluu 7 tu. Ndiyo maana maandishi ya buluu juu ya weusi, hata taa zikiwaka kwa nguvu zote, yanaonekana yamezama. Kuna kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wa tovuti kupima utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, kuanzia 1 hadi 21. Nyeupe juu ya nyeusi ni 21. Njano juu ya nyeusi ni 19.6. Nyeupe juu ya buluu kali ni 8.6. Nyekundu juu ya nyeusi ni 5.3, nyekundu juu ya nyeupe ni 4, buluu juu ya nyeusi ni 2.4. Njano juu ya nyeupe haifiki hata 1.1.

Nambari hizo ni za chumbani. Nje, jua linapiga uso wa skrini na kurudi machoni, kwa hiyo nyeusi yenu mchana si nyeusi tena, ni kijivu. Utofauti wote unashuka, na rangi zilizokuwa na nambari ndogo zinazama kwanza. Kwa hivyo nyuma weka rangi nzito iliyotulia, nyeusi, buluu nzito au zambarau nzito, na herufi ziwe nyeupe au njano. Ikiwa rangi za kanisa ni zambarau na dhahabu, mko sawa kabisa, mradi dhahabu iwe njano moja tambarare. Ile dhahabu inayofifia kutoka manjano hadi hudhurungi, na vile vivuli vya nyuma ya herufi, viondoe. Kivuli cha nukta chache kwenye mchoro mkubwa kinafika skrini kikiwa uchafu. Mpaka mweusi kuzunguka herufi una kazi pale tu ambapo herufi zimekaa juu ya picha, na hapo uwe nukta mbili kamili.

Mandhari nyeupe yote nakuomba uiepuke kwa sababu nyingine pia. Kila nukta nyeupe imewasha taa zake zote tatu, na hiyo ndiyo hali inayokula stima zaidi kuliko nyingine yoyote. Usiku inawapiga madereva machoni.

Nyuso ndizo ninazotaka kukaa nazo zaidi, maana ndizo zinazowaumiza watu kanisani. Mchungaji akionekana vibaya mbele ya mtaa mzima si jambo dogo.

Mwaka 1973, mtafiti wa Bell Labs aitwaye Leon Harmon alichapisha katika jarida la Scientific American picha ya Abraham Lincoln iliyojengwa kwa miraba mikubwa michache ya kijivu. Ukiwa karibu unaona miraba. Ukisogea mbali, au ukifinya macho, Lincoln anatokea. Kinachozuia uso usionekane ukiwa karibu ni kingo kali za miraba, na umbali unazifuta. Hiyo ni habari njema kwenu: uso hauhitaji nukta nyingi kama tunavyodhani. Unahitaji ukubwa wa kutosha, na unahitaji sehemu za mwanga na za giza ziwe mahali pake.

Kwa hiyo usiweke picha ya mchungaji amesimama na suti kutoka kichwani hadi kiatuni. Hapo uso wake unapata nukta 20 kwa kimo. Kata picha kutoka juu kidogo ya kichwa hadi mabegani, uso ujaze karibu kimo chote cha skrini upande mmoja, na maandishi yakae upande wa pili. Mchungaji na mama mchungaji wote wawili? Fanya picha mbili zinazofuatana, kila mmoja apewe heshima ya skrini nzima. Kolagi ya wahubiri watano haitamtambulisha hata mmoja.

Halafu kuna jambo la ngozi zetu, ambalo miongozo mingi inayoandikwa mbali na hapa hailigusi. LED hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima haraka mno, na kwenye viwango vya chini hatua zilizopo kati ya giza na giza kidogo ni chache. Vivuli vilivyokuwa na daraja nyingi kwenye laptopu vinaangukia daraja moja au mbili. Ngozi nyeusi katika picha ya kawaida iko karibu na eneo hilo hilo. Matokeo yake umeyaona: shavu, pua na paji la uso vinaungana kuwa bapa moja la hudhurungi, na kinachobaki wazi ni meno na kola ya shati.

Dawa yake huanza kwenye kupiga picha. Msimamishe mchungaji karibu na dirisha au mlango ulio wazi, mwanga umjie kutoka ubavuni kidogo, ili upande mmoja wa uso ung'ae kuliko mwingine. Nyuma yake pawe na rangi tambarare iliyo nyepesi kuliko ngozi yake, kwa mfano samawati hafifu au njano ya udongo. Hapa ninakengeuka makusudi na ushauri wangu wa mandhari nzito: upande wa maandishi uwe mzito, upande wa uso uwe mwepesi. Kisha fungua kifaa cha kurekebisha mwanga kwa mkunjo, kile GIMP na Photopea hukiita Curves, unyanyue sehemu ya katikati peke yake. Nyeusi ya macho na ya nywele ibaki nyeusi. Nyanyua mpaka uone tofauti kati ya paji la uso na shavu, halafu acha hapo. Usivute mwangaza wa picha nzima, maana utamfanya awe wa kijivu kama aliyepakwa unga. Mchungaji abaki na rangi yake mwenyewe.

Picha ikishapendeza, ndipo uipunguze kufikia nukta ulizoitengea, ukitumia njia ya kupunguza iliyo laini. Ile inayoitwa "nearest neighbor" ni ya michoro ya nukta, na kwenye uso inachana. Mwisho, baada ya kupunguza, noa kingo kidogo. Kunoa kabla ya kupunguza ni kazi bure, kwa sababu kupunguza kutaufuta ukali huo.

Nembo. Yenu, nikikisia kutokana na nembo nyingi za makanisa yetu, ina duara lenye maandishi kuzunguka, na ndani kuna msalaba, njiwa, Biblia na labda ramani ya dunia. Haiwezi kupunguzwa, ichore upya. Susan Kare, aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka 1984, alifanya kazi kwenye daftari la miraba, 32 kwa 32, akijaza mraba mmoja mmoja, na alama zake zilieleweka na watu ambao hawakuwahi kugusa kompyuta. Chukua daftari la hesabu, chora miraba 48 kwa 48, weka msalaba na njiwa, basi. Maandishi ya duara yaondoke, kwa kuwa jina la kanisa tayari liko kwenye bango la lango. Mistari iliyosimama na iliyolala itoke safi, na ya mshazari ipande nukta moja kwa moja, au moja kwa mbili. Mshazari usiofuata mpango unatoa meno ya msumeno yasiyolingana.

Bendera ya Kenya inafundisha hili vizuri, na najua mtaihitaji Madaraka na Jamhuri. Mistari yake ina uwiano wa 6:1:6:1:6, nyeusi, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kijani, jumla sehemu 20. Mistari miwili myembamba ya nyeupe ndiyo inayozuia nyekundu isizame kwenye nyeusi na isigombane na kijani. Ukichora bendera kwa kimo cha nukta 30, kila mstari mweupe unatakiwa kuwa nukta moja na nusu, kitu kisichowezekana, na mashine itakupa waridi chafu upande mmoja na kijivu upande wa pili. Chora kwa 20, 40, 60 au 100 na kila mstari utakaa mahali pake. Kwa skrini nzima tumia 180: mistari mikubwa 54, myeupe 9, upana 270. Ngao na mikuki vinahitaji kimo cha 100 kwenda juu ili visigeuke doa.

Sasa kagua njia ambayo picha inapita, maana unaweza kuchora sawasawa na bado ikaharibikia njiani. Ikiwa laptopu imeunganishwa kwa HDMI na kadi ya kutuma (ile inayopeleka picha kwenye skrini) isiyo na prosesa (kifaa kinachoweza kubadilisha ukubwa wa picha njiani), kwa kawaida skrini inaonyesha kipande cha juu kushoto cha skrini ya kompyuta, nukta kwa nukta. Hapo picha yako ikae kwenye pembe hiyo kwa ukubwa wake halisi, na ukuzaji wa Windows uwe asilimia 100, usiwe 125 wala 150. Ikiwa kuna prosesa, mwombe fundi aiweke isikuze wala kupunguza. Kama mnatumia kisanduku kinachosoma faili kutoka kwenye flashi, faili ya 384 kwa 192 inaingia bila kuvutwa. Kuna jaribio la kuthibitisha: tengeneza picha ya 384 kwa 192 yenye nukta nyeupe na nyeusi zinazopokezana kama ubao wa drafti, nukta moja moja. Ikionekana sare skrini nzima, njia ni safi. Ukiona mawimbi au mikanda, kuna kitu kinachonyoosha picha, na fundi ana kazi.

Na WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inageuzwa JPEG na kubanwa. JPEG hukata picha kuwa miraba ya nukta 8 kwa 8, na kwenye skrini yenu kila mraba una sentimita 8 kila upande, uchafu unaoonekana kwa macho. Mara nyingi inapunguza pia taarifa za rangi nusu kwa nusu, ndiyo maana nyekundu juu ya buluu hurudi ikiwa na kingo zilizooza. Tuma PNG kama hati, au beba flashi.

Kabla ya kupandisha chochote, jaribu mezani. Monita ya inchi 21.5 yenye 1920 kwa 1080 ina nukta za takriban robo milimita, mara 40 ndogo kuliko za P10. Fungua picha yako kwa asilimia 100, itakuwa na upana wa karibu sentimita 10. Ukisimama mita 1.5 kutoka kwenye monita, unaona anachoona mtu wa mita 60. Nusu mita ni sawa na mita 20. Kwa simu, pima upana wa picha kwa rula: ikiwa ni sentimita 6, skrini ni mara 64, kwa hiyo mita moja ni sawa na mita 64. Mpe mtu ambaye hajaona tangazo, mwonyeshe kwa sekunde nne, mwambie akusomee. Mzee wa kanisa mwenye miwani ni bora kwa kazi hii kuliko kijana wa kwaya.

Nairobi jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, kwa hiyo ratiba ya kupunguza mwangaza ni rahisi kuiweka. Programu nyingi za kadi za LED zina sehemu ya ratiba hiyo, mwambie fundi akuonyeshe. Mwangaza wa kupambana na jua la saa saba, ukiachwa hivyo usiku, unazivimbisha herufi mpaka zinagusana.

Kuhusu kuuza na kununua P5: kwa skrini ya barabarani, sioni sababu. Ila kama kamati ina pesa na inataka kuonyesha maneno ya nyimbo ndani ya kanisa, ambako waumini wa mbele wako mita tano kutoka ukutani, hapo P10 haifai kabisa, na hata P5 itawaonyesha wa mbele nukta. Ulizeni P3 au P4 za ndani, na mpime kwanza umbali wa kiti cha nyuma kabisa: kwa mita 25, herufi za wimbo zinahitaji kimo cha milimita 125, na kwenye P4 hizo ni nukta 31.